Goli Linalofungwa kwa Koo: Gemu na Tiba ya Kumeza Baada ya Kiharusi

Hotuba kwa wauguzi, familia za wagonjwa na wanafunzi wa kompyuta, Dar es Salaam, Siku ya Kiharusi Duniani, 29 Oktoba

Mwenyekiti, wenzangu wa wodini, ndugu mnaouguza majumbani, na nyinyi vijana wa kompyuta mliojibanza viti vya nyuma kama kawaida yenu: itifaki imezingatiwa. Wazee wetu, shikamooni.

Mwenyekiti aliponiuliza nitazungumzia nini, nikamjibu "gemu", alicheka. Akataka kujua kama nia yangu ni kufungua kibanda cha PlayStation wodini. Nikamwambia hajakosea sana.

Lakini kabla ya gemu, koo. Naomba kila mmoja aweke kidole kwenye kikoromeo chake, hapa mbele ya shingo, halafu ameze mate. Mmekisikia kinavyoruka juu, kinasogea mbele kidogo, kisha kinarudi mahali pake? Mruko huo ndio mada yangu yote ya leo. Katika muda wa kama sekunde moja, ulimi umesukuma nyuma, kaakaa laini limeziba njia ya pua, mfupa mdogo unaoitwa haioidi umevutwa juu na mbele pamoja na kikoromeo, nyuzi za sauti zimefunga, kifuniko cha njia ya hewa kimelala, pumzi imesimama, na mlango wa umio, ambao muda mwingi huwa umebana, umefunguka. Misuli kadha wa kadha inafanya kazi kwa zamu, na mishipa ya fahamu inayoiongoza inatoka moja kwa moja kwenye ubongo. Mtu mzima mwenye afya humeza mara 500 hadi 700 kwa siku, na karibu zote hana habari nazo.

Koo ni njia panda ya hewa na chakula, na linafanya kazi kama geti la reli: likichelewa kushuka kwa nusu sekunde tu, kilichotakiwa kusubiri kimeshapita. Kiharusi kinaweza kulegeza geti hilo, na kinaweza kulichelewesha. Hayo ni mambo mawili tofauti, naomba myashike, kwa sababu nitayarudia nikifika kwenye gemu.

Aliyepaliwa akakohoa, ashukuru. Kikohozi ni mlinzi yuko kazini. Wanaotutia hofu ni wale wanaopaliwa kimya. Chai inateremka njia ya mapafu, mgonjwa ametulia, anatabasamu, hata macho hayalengwi na machozi. Mwanawe anaandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba leo baba amekunywa kikombe kizima. Siku chache baadaye homa imepanda, kifua kinakoroma, na kila mtu anauliza nimonia imetoka wapi.

Je, tatizo hili ni kubwa kiasi gani? Inategemea unavyolitafuta. Mwaka 2005 Rosemary Martino wa Toronto na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo wakaona kwamba ukiwachunguza wagonjwa wa kiharusi kwa kipimo cha haraka cha kitandani, unawakuta wenye shida ya kumeza ni asilimia 37 hadi 45. Mtaalamu akiwapima kwa makini, wanafika 51 hadi 55. Ukiwapitisha kwenye mashine, kama ile eksirei ya video inayoonyesha tonge likishuka, wanakuwa 64 hadi 78. Ugonjwa ni uleule, ni jicho tu limeongezeka ukali. Na hao wenye shida ya kumeza hatari yao ya kupata nimonia ilikuwa mara tatu hivi ya wengine, na kwa wale ambao chakula kilionekana kabisa kikiingia njia ya hewa, zaidi ya mara kumi na moja.

Asije mtu akasema hayo ni ya Canada. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na hapa Dar es Salaam, wakitembea hadi vijijini badala ya kusubiri waletwe hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 2010: baada ya kulinganisha umri, Hai walikuwa wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Namba hiyo ya Dar ilikuwa juu kuliko zile zilizokuwa zikitolewa na nchi nyingi tajiri. Halafu jiulize, mtaalamu wa usemi na kumeza yuko wapi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na wahitimu wake wametawanyika ukanda mzima huu, lakini bado unaweza kuzunguka mkoa mzima usimpate hata mmoja. Kazi yetu inafanywa na muuguzi wa zamu, na akichoka yeye, inafanywa na dada wa mgonjwa.

Sasa twende kwenye mazoezi. Misuli ya kumeza inazoezwa kama misuli mingine, na ubongo nao unazoezwa. Shaheen Hamdy na wenzake, wakifanya kazi Manchester miaka ya 1990, walitumia sumaku kutoka nje ya fuvu kuchora ramani ya sehemu za ubongo zinazoendesha kumeza. Walikuta pande zote mbili za ubongo zinahusika, ila kwa kila mtu upande mmoja una nguvu zaidi. Kiharusi kikiupiga upande ule wenye nguvu, kumeza kunaharibika. Na walipowafuatilia wagonjwa, wale waliopona walikuwa wale ambao upande mzima, ule usioguswa, ramani yake ilitanuka. Ubongo ulikuwa umejigawia kazi upya. Hili ndilo linalotupa sisi riziki: kuna kitu cha kufundishika. Na ubongo haufundishiki kwa kuambiwa mara moja. Unataka kurudia, na kurudia, na kila mara ujue umepatia au umekosea.

Hapo kwenye kujua ndipo tunapokwama. Niwape picha ya kawaida kabisa. Nimekaa na bibi, mkono wake wa kulia umelala mapajani, kidole changu kiko kwenye kikoromeo chake. Namwambia, "Bibi, meza kwa nguvu." Ananiangalia. "Nimemeza, mwanangu." Kidole changu hakijasikia kitu, kilichotembea ni ulimi tu. Namwomba tena. "Mbona nimeshameza?" Na wala hanidanganyi. Yeye kwa hisia zake amemeza. Goti ukilizoeza unaliona likikunjuka, mkono ukiushindwa unauona umeanguka. Koo halionekani na mwenyewe, halionekani na mkewe aliyekaa pembeni, na kiharusi mara nyingi kimeondoka na hisia zake pia. Unamwambia mtu arudie mara hamsini kitu asichokiona, asichokisikia, na asichojua kama amekifanya. Nani ataweza? Mimi nisingeweza.

Dawa ya hapo ni kumwonyesha. Tunabandika vibandiko chini ya kidevu, juu ya misuli inayouvuta ule mfupa wa haioidi, na kingine pembeni cha kulinganishia. Msuli ukijikaza unatoa umeme kidogo sana, wa kupimwa kwa mikrovolti, yaani vipande vya milioni vya volti moja. Kifaa kinausikiliza na kuuchora kwenye skrini kama mstari. Ndugu wa mgonjwa huwa wanaogopa wakisikia neno umeme, kwa hiyo nalisema kila mara: hakuna kinachoingia mwilini, mashine inasikiliza tu. Mgonjwa akitulia, mstari umelala. Akimeza, unapanda kilima, kisha unashuka.

Mbinu hii ina miongo kadhaa, wala si jambo la jana. Kilichoongezwa na watu wa gemu ni kanuni: lengo, alama, ugumu unaopanda taratibu, na sababu ya kutaka kujaribu tena.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Christchurch, New Zealand, kwa mtafiti wa kumeza Maggie-Lee Huckabee. Ukiiona hutasema ni gemu. Hakuna muziki wala mazimwi. Kuna mstari wako, na kuna kisanduku kinachotokea mahali fulani kwenye skrini. Unatakiwa umeze kiasi kwamba ncha ya kilima chako iingie ndani ya kisanduku. Maana yake ni nini? Umeze kwa wakati wake, na kwa nguvu yake. Ukiwahi, umekosa. Ukichelewa, umekosa. Ukimeza kwa nguvu zote, kilima kinapita juu ya kisanduku, umekosa. Ukiendelea kupatia kisanduku kinakuwa kidogo, ukiendelea kukosa kinakuwa kikubwa.

Rudini kwenye lile geti. Kwa miaka mingi mazoezi yetu yote yalidhani geti limelegea: meza kwa nguvu, inua kichwa ukiwa umelala chali, bana ulimi. Lakini kuna wagonjwa ambao geti lao lina nguvu za kutosha, tatizo ni kwamba linashuka saa siyo. Mtu huyo kumwongezea nguvu ni kumzidishia kelele tu. Anachohitaji ni ustadi, kukipanga kitendo. Kisanduku kile kinafundisha ustadi. Kundi la Huckabee lilikijaribu kwa watu 10 wenye ugonjwa wa Parkinson kwa wiki mbili, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba kumeza kwao maji kuliboreka na kulibaki hivyo wiki mbili baada ya mazoezi kukoma. Watu kumi ni wachache, na Parkinson siyo kiharusi. Ila wazo lenyewe nadhani ni sahihi, na nitalitetea mbele ya yeyote.

Vijana wawili walinitengenezea la kwetu la majaribio. Ni faulo nje ya boksi. Mpira uko chini, ukuta wa mabeki mbele, kipa golini. Ukimeza hafifu, mpira unagonga ukuta. Ukimeza kwa pupa, unapaa juu ya mwamba. Ukimeza sawasawa pale refa anapopuliza kipenga, goli. Mzee mmoja aliyelijaribu ni Yanga wa damu, basi kipa tukamvisha jezi nyekundu. Mkewe alikuwa akimbembeleza mazoezi kwa shida, akimwambia "baba, moja tu, ya mwisho". Siku hiyo mazoezi yakageuka ugomvi mwingine: muuguzi anamwambia muda umekwisha, yeye anaonyesha kwa kidole kwamba bado dakika za nyongeza.

Wapo watakaosema wazee wetu hawana habari na michezo ya kompyuta. Nenda barazani jioni ukae karibu na wacheza bao. Uone mtu wa miaka 75 anavyokasirika kwa kete zilizoliwa. Mchezo wanaujua, ni skrini tu wasiyoizoea, na skrini inazoeleka.

Sasa je, gemu linasaidia? Hapa tusidanganyane, maana kuna watu humu wana mgonjwa nyumbani na wanasikiliza kwa masikio mawili.

Mwaka 2004 Michael Crary wa Florida aliripoti habari za wagonjwa 45 waliofanya tiba kwa kutazama mstari wa misuli yao, 25 kati yao wa kiharusi. Wengi sana waliongeza kiasi wanachokula kwa mdomo. Habari njema, lakini hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na ukiwa peke yako mbioni lazima uwe wa kwanza. Taiwan, mwaka 2016, walilinganisha: waliofanya kwa gemu, mfupa wa haioidi ulisogea zaidi kuliko wa wale waliofanya mazoezi ya kawaida. Korea Kusini wao walichukua zoezi la kubana kidevu chini dhidi ya kifaa chenye ukinzani, wakalifanya gemu, wakalilinganisha na lile la zamani la kulala chali na kuinua kichwa. Utafiti wao wa mwaka 2019 naupenda kwa uaminifu wake. Koo za makundi yote mawili ziliboreka, na gemu halikulishinda lile zoezi la zamani. Liliposhinda ni kwingine: waliocheza walikuwa na hamu zaidi, walifurahia zaidi na hawakuchoka kama wale wengine.

Mnaweza kuuliza, kama koo ni lilelile, hamu inasaidia nini? Inasaidia sana kwa mtu anayejua wodi. Kulala chali chini na kuinua kichwa uone vidole vya miguu yako, mtu mwenye presha na miaka 70, mara nyingi ni zoezi la kwenye karatasi. Anafanya ukiwepo. Ukiondoka, limeondoka nawe.

Halafu mwaka 2019 Jacqueline Benfield na wenzake Uingereza walizikusanya tafiti zote za namna hii, wakazipima kwa pamoja. Kwa waliofanya tiba wakijiona, mfupa wa haioidi ulisogea zaidi, kama milimita mbili hivi. Kwenye koo milimita mbili si haba. Lakini walipouliza swali ambalo familia inauliza, yaani je, sasa anakula zaidi kwa mdomo, tofauti iliyo wazi haikuonekana. Kwa hiyo mtu akikuuzia programu ya simu akakwambia baba atatolewa mpira wa kulishia wa puani baada ya mwezi, mwambie asante, mrudishie simu yake. Kumbukeni pia wagonjwa wengi wanapata nafuu ya kumeza wenyewe ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ukianza tiba yoyote siku ya tatu, hata ya maji ya mchele, utaisifia.

Mimi naitetea kwa sababu nyingine, ndogo kuliko hiyo lakini ya uhakika zaidi: inamfanya mgonjwa arudie kitendo akijua anachofanya. Bila hilo mazoezi ya kumeza ni magumu kushika. Nikiwa na hilo, ninapo pa kuanzia.

Kwa vijana wa kompyuta sasa, hapa msikilize, maana ndipo gemu zuri linapoweza kuwa baya. Kibandiko chini ya kidevu hakijui kumeza. Kinajua msuli umejikaza, basi. Mgonjwa akisukuma ulimi kwenye kaakaa, kilima kinapanda. Akifungua taya kwa nguvu, kinapanda. Akiinamisha kichwa, vilevile. Yule mzee wa Yanga, katikati ya kipindi, aligundua hivyo. Magoli yalianza kuingia kama mvua, yeye anacheka, na kidole changu kwenye kikoromeo hakisikii mruko hata mmoja. Hakuwa na nia mbaya, ubongo unatafuta njia fupi ya kupata alama, na sisi tulikuwa tumemwekea alama mahali pasipo na kumeza. Tungemwacha, angekuwa bingwa wa kusukuma ulimi.

Kwa hiyo kidole hakiondoki. Anayesimamia aweke mkono shingoni, na gemu liwe na kitufe chake yeye: mruko umetokea, goli ni halali, haujatokea, refa amelikataa. Au wekeni kihisi cha pili kinachofuata kikoromeo chenyewe kikisogea. Ni kazi ya kihandisi, inawezekana, na ningependa kuona nani ataifanya kwanza.

Mengine mtayakuta mkishaanza. Hapa kwetu umeme wa ukutani ni wa hezi 50 na unaingia kwenye kila kipimo kama mbu, kwa hiyo uchujeni. Mgonjwa akiwa amebandikwa, kompyuta mpakato iwe kwenye betri, chaja ichomolewe, na kwenye hili sitaki mjadala. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu nusu ya anachoona. Utaweka kisanduku kushoto na yeye kwake kushoto hakupo, utadhani ameshindwa kumeza kumbe hajakiona. Vitu viwe vikubwa, vichache, na mahali pake pabadilishike. Wengine wamepoteza maneno, hivyo maelezo marefu ya kuanzia gemu hayawafai. Na kila kipindi kianze kwa kupima upya: akimeza kawaida leo, kilima chake kinafika wapi? Jana haihesabiki, maana ukihamisha kibandiko sentimita moja namba zote zimebadilika.

Mate yanakauka. Hili hakuna aliyeniambia kabla sijaliona. Mjaribu hapo mlipo, mmeze mara kumi mfululizo bila maji, mtaona ya saba inavyokuwa ngumu. Mgonjwa wa kiharusi, na dawa anazokunywa, anafika huko mapema. Mpumzisheni, mlowesheni mdomo kwa pamba yenye maji, kisha muendelee. Gemu lenye saa inayohesabu kwa kasi halijatengenezwa na mtu aliyewahi kumeza mara arobaini.

Kuna ndevu pia. Kibandiko hakishiki juu ya ndevu, na wazee wetu wengi, hasa wa pwani na visiwani, hawazinyoi na hakuna sababu ya kuwalazimisha. Unazigawa kwa maji, unatafuta ngozi, unabandika kidogo pembeni, unakubali kipimo kisicho safi sana. Mama wa hijabu anabandikwa na mwanamke, pazia limefungwa. Na mwezi wa Ramadhani utaambiwa mgonjwa amefunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo ni lake na sheikh wake, lakini mazoezi ya kumeza mate hayahitaji tone la maji, na kumeza mate hakufunguzi. Nimewaona wagonjwa wakifanya zoezi hilo alasiri ya Ramadhani kwa moyo kuliko siku nyingine yoyote.

Tusikae kwenye faulo tu. Kuna zoezi la Mendelsohn: unameza, kikoromeo kikifika juu unakizuia hapohapo kwa sekunde mbili tatu kabla ya kukiachia. Ni gumu kulieleza, na mgonjwa mwenye shida ya maneno hatakuelewa hata ukichora. Lakini mpe tiara angani. Akimeza inapaa, akizuia inabaki juu, akiachia inashuka. Hakuna la kueleza hapo.

Nyinyi mnaouguza nyumbani, nimewaweka mwisho kwa sababu kwenu ndiko anakokula. Mazoezi niliyoyaeleza yanafanywa kwa mate tu mpaka mtaalamu aseme vingine. Msimpe tonge akiwa anacheza. Akicheka na chakula mdomoni ndipo geti linapopitwa. Akila, skrini zote zizimwe, redio nayo, akae wima kabisa, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Mdomo wake usafishwe kwa mswaki kila siku, hata kama analishwa kwa mpira, hata kama hana jino. Mate yenye uchafu yakishuka mapafuni yanapeleka vijidudu, na hiyo ni njia mojawapo ya nimonia ambayo inazuilika kwa mswaki wa bei ya soda.

Na uji. Ukiambiwa mgonjwa apewe vinywaji vizito, usikadirie kwa macho. Upo utaratibu wa kimataifa unaoitwa IDDSI, wenye viwango kutoka 0 hadi 7, na kipimo chake kinafanyika jikoni. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Bomba si zote sawa, tafuta lile ambalo kutoka sifuri hadi 10 ni milimita 61.5. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia, hesabu sekunde 10, ziba tena. Umebaki kati ya mililita 1 na 4, hicho ni kiwango cha 1. Kati ya 4 na 8, kiwango cha 2. Zaidi ya 8 na bado unatoka, kiwango cha 3. Pimeni ukiwa katika joto lile atakalounywa, kwa sababu uji unakuwa mzito ukipoa. Na mkimlisha, msirudishe kijiko chenye mate yake kwenye bakuli mara kwa mara. Mate yanavunja wanga, na uji uliokuwa mzito saa mbili kamili, saa mbili na robo umekuwa maji. Nimekuta familia inapika vizuri kabisa, inapima vizuri, na mgonjwa anapaliwa kwenye vijiko vya mwisho. Kumbe ni kijiko.

Gharama? Mashine kamili za hospitali zinafika maelfu ya dola. Vihisi vya umeme wa misuli wanavyotumia wanafunzi kutengeneza roboti vinauzwa kwa makumi ya dola, na ishara yake kwa kazi ya kufundishia inatosha, mradi asiwepo anayeichukulia kuwa kipimo cha ugonjwa. Ninachokitaka ni gemu moja, linaloendeshwa na simu ya kawaida, lisilohitaji bando, kwa Kiswahili cha kusemwa badala ya kuandikwa, ambalo muuguzi wa wilaya anaweza kulifundishwa kwa siku moja na kulisimamia kidole chake kikiwa shingoni mwa mgonjwa. Kisha tulijaribu kwa haki, nusu ya wagonjwa nalo na nusu bila, tuhesabu waliokula na waliopata nimonia, na tukubali jibu lolote litakalotoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Lile gemu la faulo lipo hapa mezani, betri imejaa, vibandiko vipya. Nahitaji mtu asiye na ndevu na asiyeona haya kukosa goli mbele za watu. Simba mnakaribishwa pia, kipa tutambadilisha jezi.